Gari la Kumtoa Pauline Nyumbani

Katika soko la ng'ombe la Chwele, hakuna mtu aliyewahi kumdanganya Levi Wakoli. Haya hayakuwa maneno ya watu. Yalikuwa maneno ya Wakoli mwenyewe, naye aliyasema mara nyingi na kwa sauti ya kutosha hata watu wakachoka kumbishia. Alikuwa dalali wa ng'ombe tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua kwamba mnyama aliyelambishwa chumvi usiku hunywa maji asubuhi mpaka tumbo likakazika kama ngoma, na kwamba mnunuzi mjinga huyanunua maji hayo kwa bei ya nyama. Alisoma meno, kwato na mkia kama wengine wasomavyo gazeti. Angemsikiliza fahali akipumua, kisha akuambie kama atafika Bungoma kwa miguu yake au atalala njiani pale Mayanja asiamke.

Mungu alipokwisha kumjalia elimu hiyo yote, hakuona haja ya kumwongezea ya magari.

Shida ilianza mwaka wa 2005, siku ya mazungumzo ya mahari. Bintiye Pauline, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameposwa na kijana wa Kitale aitwaye Ngari. Babake Ngari, Mzee Kang'ethe, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pamoja na Mercedes nyeupe iliyong'aa kiasi kwamba kuku wa Wakoli waliizunguka wakijitazama. Mazungumzo yenyewe yalikwenda vizuri mno. Ng'ombe walikubaliwa na hakuna aliyeutukana ukoo wa mwenzake. Ndipo Kang'ethe, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, akasema kwamba siku ya harusi angeleta gari lake limchukue bibi harusi, ili upande wa msichana usipate taabu.

Wakoli aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Mtoto wangu hatatoka kwa boma langu na gari ya mtu," alisema. "Atatoka na yangu."

Mkewe, Nabwile, alimtazama kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni akingojea jina analolijua. Wakoli hakuwa na gari. Alikuwa na baiskeli, nayo ilikuwa na breki upande mmoja. Kang'ethe aliitikia kwa adabu, akaongeza tu kwamba yeye angekuja na Mercedes yake asubuhi hiyo vilevile, na kama gari la mkwe lingekuwa limepata dharura, bibi harusi asingekosa usafiri. Ilikuwa adabu ya kumkosesha mtu usingizi.

Mtu mwingine angetafuta pikapu kuukuu, ya kubebea bibi harusi Jumamosi na ndama Jumatatu. Nabwile alilitoa shauri hilo jikoni akichambua mboga. Wakoli alimwuliza kama amewahi kuona fahali akinunuliwa kwa ajili ya maziwa. Alitaka gari lenye nguvu. Gari ambalo likipita, hata aliyelala ajue kwamba kuna kitu kimepita. Hakuona kwamba umbali kutoka kwake hadi kanisani haukutosha hata kumaliza wimbo mmoja wa tenzi.

Magari ya namna hiyo yalipatikana mawili. La kwanza lilikuwa Bungoma mjini, kwa Muhdhar, muuza magari aliyekuwa na uwanja wake karibu na msikiti. Lilikuwa Subaru Impreza ya buluu, ya juzi juzi kutoka Japani, yenye turbo, aina ambayo vijana wa mji huigeukia shingo hadi wakagonga nguzo. Wakoli alikwenda kuliona akiwa na Pauline. Hakusalimia gari kwa macho kwanza, kama wanunuzi wengine. Alimwambia Muhdhar alitoe mafuta yote.

Muhdhar alikuwa amewauzia magari walimu, wachungaji na askari, wala hakuwahi kuombwa jambo hilo.

"Nitoe mafuta, mzee wangu?"

"Yote. Nataka kuiona ikiwa na njaa."

"Ikiwa na njaa haitembei."

"Si hapo ndio nitaijua?"

Walivutana hadi wakakubaliana kwamba gari lingebaki na mafuta ya kulitoa langoni na kulirudisha tu, ili lisije likamdanganya mtu kwa shibe. Kijana wa Muhdhar alilipeleka, akaligeuza, akalirudisha kwa kasi iliyoinua vumbi na kufumba macho ya wapita njia. Wakoli alikuwa ameinama, sikio mbele, mkono nyuma ya sikio. Alisikia mluzi mwembamba ndani ya kile kishindo.

"Kifua," alisema kwa huzuni, kama daktari.

Muhdhar alimweleza kwamba ule ni mlio wa turbo, na kwamba ndio wenye kuleta nguvu. Wakoli alijibu kwamba wote wanaouza ng'ombe wa kukohoa wana maelezo yao. Kisha akaliona lile tundu juu ya boneti. Alipoambiwa kwamba linaingiza hewa, alitikisa kichwa. Mnyama mwenye pua mahali pake, akafunguliwa nyingine juu ya paji la uso, basi ile ya kwanza imekufa. Muhdhar alitazama angani kwa muda, pengine akiomba subira.

Pauline alikuwa ameingia kiti cha nyuma. Alikaa, akanyoosha miguu, akatoka, akasema kwamba ni nzuri na nafasi inatosha. Babake alimwambia kwa upole kwamba watoto nao hupenda fahali kwa sababu ya rangi.

Gari la pili lilikuwa nje kidogo ya Kitale, katika shamba la mahindi la mjane aitwaye Wangui. Mzungu aliyeuza shamba hilo zamani alikuwa ameacha ghalani Mustang nyekundu ya mwaka wa 1968, na marehemu mumewe Wangui alikuwa amefukuza kuku waliotagia ndani, akaitengeneza hadi ikawaka. Wakoli alikwenda peke yake. Pauline siku hiyo alikuwa Bungoma akijaribu gauni la kukodi, na hata angekuwapo, kazi ya kuchagua ilikuwa na mwenyewe.

Wangui aliliwasha. Ng'ombe wake waliokuwa kwenye ua walikimbia hadi pembe ya mwisho ya shamba, na mbwa akaingia chini ya ghala asitoke hadi jioni. Wakoli alisimama pale, miguu ikitetemeka pamoja na ardhi, akahisi jambo ambalo hakuwa amelihisi tangu ujana wake. Gari hilo halikupiga mluzi. Lilinguruma kutoka tumboni, taratibu, kama mwenye boma anayesafisha koo kabla ya kusema.

Alilizunguka. Kifua kipana mbele, mapaja yamejaa nyuma, kiuno kimekatika pale panapostahili. Alibonyeza magurudumu kwa kidole gumba kama akaguavyo kwato. Aliomba boneti ifunguliwe, akautazama ule mtambo mkubwa, akasema neno moja, "Moyo," akaomba ifungwe. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, lakini hilo halikumtia wasiwasi. Kuna maksai wanaozoea kulima upande wa kushoto na jembe linakwenda vilevile. Hakuingia ndani. Hakuwahi kumjua mnyama kwa kumpanda mgongoni.

Wangui alikuwa mwanamke mkweli, ukweli wa mtu anayetaka ghala lake liwe tupu. "Inakunywa, mzee. Hiyo sikufichi. Ukifika hapo Kiminini tu imeshaanza kuuliza ingine."

"Fahali asiyekunywa ni mgonjwa," Wakoli alimfariji.

Hata hivyo usiku huo hakuamua. Mustang ilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto wa shule, na katika biashara yake Wakoli hakuwahi kumsifu mnyama mzee mbele ya mnunuzi bila kuona haya kidogo. Subaru ilikuwa changa, lakini kifua! Sokoni Chwele watu waligawanyika. Vijana walikuwa upande wa Subaru, wazee upande wa Mustang, na wote walikuwa na uhakika wa watu ambao hawatoi chochote mfukoni. Nabwile aliendelea kusema pikapu, lakini sasa alisema polepole, kama anayesali.

Ndipo Wakoli akakumbuka jaribio la mwisho, lile ambalo haliwezi kukosea. Mnyama unayemshuku huombwa alale kwako usiku mmoja. Akila na kulala, mlipe mwenyewe. Akisusa na kukohoa, mrudishe alfajiri. Alimpigia Muhdhar kwa simu ya kibandani, akamwomba Subaru ije ilale kwake.

"Mzee wangu," Muhdhar alisema, "gari yangu inalala kwangu mpaka siku itakuwa yako."

Wangui alikubali kabla Wakoli hajamaliza sentensi. Aliongeza kwamba inaweza kulala hata wiki. Wakoli aliona hapo dalili ya mtu anayeiamini bidhaa yake. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha vijana sokoni kwamba muuzaji akikusihi uondoke na ng'ombe wake, kimbia bila ng'ombe. Lakini mafunzo hayo yalihusu ng'ombe, na hili, alijikumbusha kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, lilikuwa gari.

Ili kupata bei ya Mustang, aliwauza mafahali wake mwenyewe, aliokuwa akiwaita wazee wa baraza, na hakuwageukia walipopakiwa. Kwa kuwa hakujua kuendesha, alimtafuta Abdihakim wa Bungoma, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Sudan ya Kusini na hivyo hakuogopa usukani wa kushoto. Mustang ilitoka Kitale kupitia Kamukuywa na Kimilili, ikanyweshwa mara mbili njiani, ikaingia bomani Ijumaa jioni, mkesha wa harusi, kwa ngurumo iliyoangusha sufuria kwa jirani. Watu walijaa. Mchungaji aliliombea gari kwa muda mrefu kuliko anavyoombea wagonjwa. Pauline alikuwa ndani akisukwa, akaambiwa kwamba ni nyekundu na inatisha. Alisema, "Sawa," kwa sauti ya msichana anayehesabu saa.

Usiku gari lililala vizuri. Halikukohoa. Asubuhi Abdihakim aliliwasha na likawaka mara moja, na Wakoli, akiwa ndani ya suti, alilipiga kofi la mapenzi kwenye paja. Kang'ethe alikuwa amefika na msafara wake kutoka Kitale. Dereva wake aliegesha Mercedes kando, nyuma ya mti wa mparachichi, mahali pa mtu asiyetaka kushindana na mwenye nyumba. Nabwile alikuwa ametangulia kanisani na wanakwaya. Ilibaki kumtoa bibi harusi tu.

Pauline alitoka. Gauni la kukodi lilikuwa na waya chini, limefumuka pande zote kama mwavuli, na mkia wake ulibebwa na Peris, rafiki yake aliyemsimamia. Vigelegele vilipanda. Wote wakafika kwenye gari, wakasimama. Vigelegele vikashuka.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" shangazi mmoja aliuliza.

Wakoli alilizunguka gari zima, kisha akalizunguka tena kwa upande mwingine, kama kwamba mlango ulikuwa ukimkimbia. Mustang ilikuwa na mlango mmoja kulia na mmoja kushoto. Aliyetaka kukaa nyuma alipaswa kukunja kiti cha mbele, ajikunje na yeye, apenye.

"Baba," Pauline alisema polepole, "hukufungua hata mlango?"

"Niliangalia kifua," Wakoli alisema.

Walimjaribu Pauline kwa kichwa, waya ukagoma. Walimjaribu kwa mgongo, waya ukainuka mbele na wajomba wakageuka kutazama migomba. Mashangazi walitoa ushauri wa aina zote isipokuwa unaofaa. Mwishowe Peris, aliyekuwa mwembamba kama mwanzi, alipenyezwa nyuma pamoja na mkia wote wa gauni, na bibi harusi akaketishwa mbele. Gauni lilijaa hadi kwenye kioo. Abdihakim alibaki na usukani tu. Gia alikuwa akiitafuta chini ya lesi, akitazama mbele kwa bidii na kuomba radhi kila alipoipata.

Palibaki nafasi nyuma, ya kutosha mtoto au mtu mzima asiyekula. Wakoli aliivamia. Aliingia hadi kiunoni. Hapo tumbo lilikutana na kiti, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Wanaume wawili walimvuta kwa miguu, kwa ustadi wa watu waliokwisha kuzalisha ng'ombe, na akatoka kama ndama aliyetanguliza matako, suti imepanda mgongoni. Hakuna aliyecheka. Watu walikohoa sana, lakini hakuna aliyecheka.

Kengele ya kanisa ililia. Mustang ikanguruma na kutoka langoni na Pauline ndani, katika gari la babake, kama alivyosema atatoka. Baba mwenyewe alibaki uani ameshika kofia.

Kang'ethe alikuja na Mercedes pole pole, dereva akasimama. Kang'ethe alisogea tu kwenye kiti, mlango wa nyuma ukafunguka.

Walilifuata gari jekundu. Kando ya njia watoto walirukaruka na wanawake wakapunga leso, na wote walitazama mbele. Hakuna aliyeitazama Mercedes wala waliomo.

"Ni gari ya nguvu, mkwe," Kang'ethe alisema.

"Iko na nguvu," Wakoli alikubali. Kisha akaongeza, "Mwambie dereva wako asiikaribie sana. Inaweza shtuka."

Kanisani umati ulilizunguka gari jekundu, na bibi harusi akaanza kutolewa, kipande kwa kipande. Kazi hiyo ilikuwa ndefu kiasi kwamba Wakoli alipata muda wa kufika na kumpa bintiye mkono kwa wakati. Mlango wa Mercedes ulifunguliwa. Aliweka mguu mmoja chini, kisha wa pili, akasimama wima bila kuinama hata kidogo, na hilo, kati ya mambo yote ya siku hiyo, ndilo lililomuuma.