Nyuzi za Amiloidi na Lori la Kaka

Mama alisahau uso wangu kabla ya kusahau lori. Asubuhi hiyo, nyumbani kwetu Naviundu, aliniita madame, akanipa kiti cha wageni, akaniuliza kama nilipishana na lori la maharagwe njiani.

Lori lilikuwa la familia na dereva wake alikuwa kaka yangu. Mama alitoka Kivu ya Kaskazini, akawa akiuza maharagwe ya kwao kwa jumla hapa Lubumbashi tangu ujana wake. Kaka alikwenda huko kuchukua mzigo. Vita vikafunga barabara, simu yake ikanyamaza, na duka nalo tukalifunga. Mama alipouliza, sote tulijibu neno moja la kumtuliza: Kasomeno. Kutoka Kasomeno, kituo cha njiani upande wetu, lori hufika bila kuchelewa sana. Kwa hiyo kila jioni alimwekea dereva bukari, ugali wetu, akaifunika, kama alivyofanya siku zote mtu wetu akiwa barabarani.

Mimi nafundisha kemia chuo kikuu. Wakati huo nilikuwa nachunguza kwa kompyuta jinsi vipande vifupi vya protini, vyenye asidi amino sita tu, vinavyoshikana na kuwa nyuzi ngumu ziitwazo amiloidi. Nyuzi za jamii hiyo hukutwa katika ubongo wa wenye ugonjwa ambao daktari alidhani mama anao. Sikutegemea kumponya. Nilitaka kuona zinaanzaje. Lakini umeme ulikatika ovyo, betri ilikuwa dhaifu, na diski ndogo. Nikawa nahifadhi picha chache, zilizoachana sana kwa muda. Katika picha moja vipande vitatu viko mbalimbali. Katika inayofuata vimeshikana. Jinsi vilivyokutana, sikuona.

Jioni moja mama alisimama nyuma yangu akitazama skrini.

“Hii iko foleni ya bariera?” Alidhani ni malori yanayosubiri kwenye kizuizi cha barabarani.

“Hapana, mama. Iko vipande vya protini.”

“Ya mbele, nani aliisimamisha?”

“Ni hiyo natafuta.”

“Basi tafuta mbio. Maharagwe itaingia wadudu.”

Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya dereva, akaniwekea mapajani.

“Kula, madame. Huyu wa Kasomeno anakawia.”

Nilipokuwa nakula akanicheka mikono. “Laini hivi! Kwenu hamubebake gunia?”

Yeye ndiye aliyenifundisha kubeba gunia.

Baadaye mfanyabiashara mmoja wa kwao mama, aliyepitia kaskazini ya Pweto, mbali kupita Kasomeno, alikuja kwetu. Alisubiri mama aingie ndani ndipo akasema. Aliliona lori letu huko, kando ya barabara. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, magunia yalikuwa yote ndani, na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Aliwauliza wenye vibanda vya karibu. Hakuna aliyemwona dereva akishuka.

Kutoka jikoni mama aliuliza kama mgeni ametoka Kasomeno.

Ufunguo wa lori haujaonekana mpaka leo, wala kaka aliyekuwa nao.