Barakoa ya Baba Mkwe

Mila yetu ya zamani inataka mke wa mtoto na baba mkwe wasionane. Siku hizi pale kijijini kwetu Ikolo wengi wameiacha, wanapakuliana chakula na kucheka pamoja. Baba mkwe wangu hakutaka upuuzi huo. Tangu niolewe sikuwahi kumtazama usoni. Tukikaribiana njiani, mimi naingia kwenye shamba la kokoa, anapita, natoka na siafu miguuni. Ilinikera sana, lakini nilishika adabu.

Sasa tulikuwa wodini, Kyela mjini, yeye kitandani na mashine ya kupumulia, mimi kwenye kiti. Mume wangu alikuwa amefuata blanketi nyumbani, mvua ikamfungia huko. Muuguzi alikuwa mmoja na wagonjwa wamejaa.

"Dada, shikilia barakoa hapa puani," aliniambia. "Hewa ikivuja, mashine haijui mzee ameanza kuvuta lini wala ameacha lini. Inampulizia wakati yeye anataka kutoa. Na kamba siwezi kuikaza zaidi, itamchubua."

Akaondoka. Nikasogea. Mzee aliposikia tu khanga yangu, akageuzia uso ukutani. Barakoa ikapanda upande, hewa ikampiga jichoni, mashine ikaanza kulia. Nikarudi nyuma. Akalala sawa, lakini puani bado inavuja na kifua kinahangaika. Nikisogea anageuka, nikikaa anakosa pumzi mbele yangu. Nilitaka kukimbia na sikuwa na pa kukimbilia. Niliogopa atakufa kwa kuniheshimu.

Hasira zikanipanda. Nikajifunika khanga kichwa kizima, uso na yote, nikasimama nyuma ya kichwa chake, nikapapasa: paji, pua, ukingo wa barakoa.

"Tata, baba yangu, sikuoni," nilimwambia. "Na wewe fumba macho, tumalize."

Nikabana kwa vidole viwili. Upepo uliokuwa ukinipiga kiganjani ukakata. Taratibu kifua chake kikaanza kwenda sawa na mashine. Nikalia humo humo ndani ya khanga, mikono imekufa ganzi, na sithubutu kuitoa.

Mume wangu alipoingia na blanketi, nilimpisha haraka kwa aibu. Hewa ikaanza kuvuja tena. Akainama aishike yeye. Mzee akausukuma mkono wa mwanawe, akapapasa hewani, macho kayafumba vilevile, mpaka akashika pindo la khanga yangu.