Seli za Kaka Hazikuwa na Habari ya Msiba

Kaka yangu tulimzika Jumanne. Ijumaa asubuhi nikamkuta kazini kwangu, yuko hai.

Sijarukwa na akili. Nisikilize kwanza.

Mimi ni fundi wa maabara, nakuza seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Daktari anatoa uboho, ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga ya mgonjwa, mimi nazichambua seli, naziweka kwenye chupa yenye chakula chao. Chupa inakaa kwenye kabati la joto wiki kadhaa mpaka seli ziwe nyingi za kumrudishia mwenyewe. Ni matibabu ya majaribio kwa watu ambao ini limechoka. Hakuna anayeahidiwa kupona.

Kaka alikuwa seremala. Mtaa mzima ulimwita Msumari kwa wembamba wake. Homa ya ini ilimla kimyakimya miaka mingi, hadi macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji.

"Msumari nimeota kitambi," alitania. "Sasa mtaniheshimu."

Nikaomba nizikuze mimi seli zake. Mkuu wa maabara alikataa, kwa sababu kwetu maabara ndugu hagusi sampuli ya ndugu. Nikamlilia mpaka akalegea.

Chupa ya kwanza ikaota ukungu siku ya kumi na mbili. Tukaimwaga. Kaka akachomwa nyonga upya, tukaanza moja.

Chupa ya pili ilibakiza siku nne tu. Kaka hakuzimaliza.

Sasa ile Ijumaa nafungua kabati, chupa bado ipo. Hakuna aliyekumbuka kuitoa. Nikaiweka chini ya darubini.

Jamani, zilikuwa zimejaa tele. Zimenawiri, nyingine ziko katikati ya kujigawa. Mwenyewe yuko udongoni, zenyewe hazina hata habari ya msiba.

Nililia pale pale kwenye kiti.

Mgonjwa akifa, chupa yake inamiminiwa dawa ya kuua. Mkuu aliponiona nimeganda na dawa mkononi, akauliza kama anisaidie. Nikamwambia aniachie. Nikamimina, nikazitazama zikisinyaa hadi ya mwisho.

Akanipiga bega, akasema nimempigania kaka yangu kuliko ndugu yeyote aliyewahi kumwona.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Maana lile kabati hufunguliwa mara moja kwa siku, basi, uchafu wa hewani usije ukaingia. Mimi nililifungua mara tano, mara sita, kumchungulia kaka anaendeleaje. Siku nyingine hata glavu sikubadilisha, kwa haraka ya kumwona. Ule ukungu niliuingiza mimi, kwa mapenzi.

Zile siku kumi na mbili zingetosha apate dawa yake akiwa hai. Ingemsaidia? Sijui. Na sitajua mpaka naingia kaburini.

Kwenye fomu ya chupa ile niliandika imeharibika kwa sababu seli za mgonjwa ni dhaifu. Na kaka nikamwambia hivyo hivyo.

Aliamini. Siku moja kabla hajakata roho alinishika mkono, sauti imeshakwisha.

"Nisamehe, mdogo wangu. Umehangaika sana, mwili wangu ndio umekuangusha."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe, kaka."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemkosea na bado anasikia, weka simu chini uende ukamwambie.