Maada ya Giza, Kidato cha Tatu

Nilikuwa na mwaka wa nne nikifundisha fizikia Urambo nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba maada ya giza ndiyo hayo mashimo meusi ya angani. Nilisema bila kusita. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye wazazi wake wanalima tumbaku, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jana redioni wamesema ni vitu viwili tofauti."

"Redio ndiyo inayokufundisha?" nikamjibu. "Kaa chini."

Akakaa. Darasa zima likacheka, na mimi nikaendelea na somo huku masikio yakiniwaka moto, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nimebahatisha.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Tabora kwa mzee aliyenifundisha fizikia sekondari, sasa amestaafu na anafuga nyuki. Nilimkuta uani anachuja asali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikamweleza yaliyotokea. Hakunicheka. Aliipindua baiskeli yake miguu juu, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu, tope likaturukia wote wawili.

"Umeona? Nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi hiyo. Ukihesabu uzito wa vyote vinavyoonekana, havitoshi kuzishika. Zingetakiwa ziruke kama hili tope. Lakini haziruki. Kwa hiyo kuna kitu kinazivuta."

"Mashimo meusi?"

"Hapana. Shimo jeusi ni nyota iliyojiporomokea, hilo tunalijua kidogo. Hiki kingine hakuna anayejua ni nini."

"Na nishati ya giza?"

"Hiyo haivuti, inasukuma. Ulimwengu unatanuka, na kasi inazidi."

"Sasa mwalimu, kimoja kinavuta, kingine kinasukuma, vyote vinaitwa giza, na vyote havijulikani?"

Alijifuta tope shavuni. "Mimi mwenyewe nachanganyikiwa," alisema. "Nilidhani wewe kijana utanielewesha."

Nilirudi na chupa ya asali na kichwa kizito kuliko nilivyokwenda.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikamwomba yule msichana radhi, kwa sauti, wote wasikie. Safari hii hakuna aliyecheka. Yeye aliinama tu akichezea kalamu, nikashindwa kujua kama amenisamehe. Kisha nikaandika ubaoni: "Tusiyoyajua bado," na chini yake: "Maada ya giza: inavuta. Nishati ya giza: inasukuma ulimwengu." Walikuwa wananakili mkuu wa shule alipoingia. Akausoma ubao mara mbili.

"Hii ipo kwenye muhtasari?"

"Haipo, mkuu."

Nilingoja karipio. Yeye akabaki mlangoni, mikono nyuma, amekunja uso.

"Hiyo inayosukuma," akauliza hatimaye, "inausukumia wapi huo ulimwengu?"

Wanafunzi wote wakanigeukia. Nikachukua chaki, nikaliongeza swali lake ubaoni.