Kidoti Chekundu cha Mjimwema

Nilitoka shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili na jembe. Sikutarajia kwamba siku moja majirani wangenijia kuuliza habari za setilaiti.

Chanzo ni pumu ya kitindamimba wetu. Kila kiangazi watu wakichoma mapori, kifua chake hupiga filimbi. Alikuwa anasomea ushonaji, na mara mbili siku ya mtihani wa mwisho ilimkuta amelazwa. Chuo kikasema safari ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mdogo wangu wa kati, anayesomea misitu Morogoro, akaniwekea kwenye simu picha za setilaiti. Moto ni kidoti chekundu, moshi ni kama maziwa yaliyomwagika juu ya ramani.

"Angalia upepo unaelekea wapi, Kaka," alisema. "Utajua moshi wa leo kesho utakuwa kwa nani."

Haikupita muda, hakuna aliyeanika shuka bila kuniuliza. Bibi mmoja nilimwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba. Nianike mihogo?"

Moshi mwingi ulitoka upande wa Tunduru. Nilifurahi kupita kiasi, maana rafiki yangu muuza korosho wa mtaa wa Majengo ni mtu wa Tunduru, na ni mtani wangu.

"Mtani, moshi wenu umefika."

"Wa kwetu ni wa korosho, unanukia. Huo ni wa ninyi Wangoni mnaochoma pori mkisaka panya."

"Setilaiti haina kabila."

"Basi iulize kama imeona akili kichwani mwako."

Hata hivyo, wiki ya mtihani ni yeye aliyempokea mdogo wangu. Nyumba yake ina dari na madirisha ya vioo, na chuo kiko jirani.

Mimi nikabaki nyumbani Mjimwema na kazi yangu ya siri. Nilikuwa nimefyatua matofali kiangazi kizima ili nimjengee chumba cha kushonea, chenye kuta nene, moshi usipenye. Siku moja kabla ya mtihani, asubuhi, nikawasha tanuru. Alasiri simu ikaita kutoka Morogoro.

"Kaka, uko salama? Nyumbani hakuna moto?"

"Moto gani?"

"Kuna kidoti Mjimwema. Nikikuza ramani, ni kama kiko uani kwetu."

Nikafungua picha. Kweli, kidoti chekundu. Nikaanza kumlaani huyo mpumbavu anayechoma moto wiki ya mtihani. Laana ilikuwa bado mdomoni nilipogeuka nikaliona tanuru langu, na moshi wake ukienda moja kwa moja Majengo.

Nikampigia mtani. "Mdogo wangu anaendeleaje?"

"Ameanza kukohoa. Pokea samahani za Tunduru."

"Si Tunduru, mtani. Ni mimi. Nachoma matofali."

"Ngoja nimwite mke wangu, hayo uyarudie naye asikie."

Tanuru likishawashwa halizimwi, la sivyo matofali yatabaki mabichi. Nililijua hilo vizuri kuliko ninavyoijua setilaiti. Nikavuta magogo yote, nikamwaga maji ya mapipa mawili, nikasimama katikati ya mvuke nikikohoa kwa niaba ya ukoo mzima. Jua lilipozama, moshi ulikuwa umekatika.

Kesho yake mchana kitindamimba akapiga simu mwenyewe, sauti haina filimbi. "Kaka, nimemaliza. Kola imekaa kama ya dukani."

Mtani alikuja kunipa pole na mfuko wa korosho. Akaokota tofali, akalivunja kwa mikono miwili kama muhogo wa kuchemsha. "Mtani, chai iko wapi?"

Mdogo wangu amepata cheti. Kitu cha kwanza alichoshona ni pazia la chumba ambacho hakijajengwa, na limekunjwa kabatini. Mwaka huu nimefyatua tena, matofali yamekauka, kuni zipo. Nasubiri tu siku upepo utakapogeuka kuelekea Tunduru. Mtani anasema yeye hana haraka.