Vichwa vya Dagaa Wasio na Jina

Wengine huingia katika sayansi kwa akili. Mimi niliingia kwa mwandiko. Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mtaalamu mmoja wa samaki mjini alitafuta mtu wa kumwandikia lebo ndogondogo, na mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko matokeo yangu ya mtihani. Pale mtaani kwetu Kaloleni wakanibandika jina la Daktari wa Omena, ingawa omena ni dagaa wa ziwani na sisi tulishughulika na dagaa wa pwani. Sikubishana. Daktari ni daktari.

Mwaka wa pili mkubwa wangu alirudi kutoka pwani na mkebe wa dagaa waliovuliwa kwenye hori moja lenye mikoko. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuishtua bahati, kwamba baadhi yao walikuwa na taya refu kupita dagaa wote aliowajua. "Tukihesabu vichanuo vya kuchujia chakula vilivyo ndani ya mashavu na hesabu ikasimama," alisema, "hawa hawajapewa jina na mtu yeyote." Safari nyingine ya pwani haikuwapo hadi mwaka uliofuata. Kila kitu kilikuwa ndani ya mkebe ule.

Kabla ya kuhesabu, dagaa walipaswa kulowekwa siku mbili, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni, ili dawa ya kuwahifadhi iwatoke. Siku zenyewe zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Mimi ni mtu wa nyumbani. Jumamosi hata soko la Gikomba, mwendo wa miguu tu, huniona kwa nadra. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba maji ya kwetu ni ya kutegemewa kuliko ya maabara. Akaniamini, maskini. Nikabeba mkebe, nikawaloweka dagaa kwenye karai, nikarudi kitandani.

Sasa, mama yangu alizaliwa milimani, ambako samaki alihesabiwa jamaa ya nyoka. Kula omena alifundishwa na jirani yetu wa ukutani, mama mmoja aliyetoka ziwani, na mama alikubali kwa sharti moja: chakula kisimwangalie. Kila omena wetu alikatwa kichwa kabla ya kuingia sufuriani. Asubuhi hiyo mama aliona karai la samaki pale mlangoni, akadhani mwanawe hatimaye ameleta mboga. Akachukua kisu.

Niliamshwa na kicheko cha jirani.

"Wewe mama, huyo samaki amekukosea nini? Utamu wote uko kichwani, nawe unaumwaga chooni."

"Macho yake siyataki."

"Na hii harufu ya hospitali? Huyu Daktari wako amekuletea mboga au maiti?"

Nilitoka na shuka kiunoni. Vichwa vilikuwa vimekwenda na maji ya choo, na dagaa karibu wote walianzia mabegani. Nikaeleza karai lile lilikuwa na nini. Mama aliweka kisu mapajani.

"Ungesema," akasema. "Mtu anaweka samaki kwenye karai langu, halafu analala. Ningejuaje kwamba hiyo ni kazi?"

Nilikaza shuka kiunoni.

Jirani ndiye aliyechutama. Alizoea kuchambua omena kwenye sinia kabla ya kupika, akiondoa samaki wageni walioingia wavuni, na mikono yake ikaanza yenyewe. Alipitisha kidole tumboni mwa kila dagaa, mwingine huku, mwingine kule.

"Hawa si wa baba mmoja. Huyu tumbo lake lina miiba zaidi. Gusa, Daktari."

Niligusa. Sikuhisi kitu, lakini niliitikia kwa kichwa kama msomi.

Fungu dogo lilipata dagaa kumi na wawili. Wenye vichwa walikuwa watatu.

Njiani kwenda kazini Jumatatu nilikuwa nimetunga uongo wa paka, lakini nikajiuliza ni paka gani anayekula vichwa na kuacha minofu. Nikasema ukweli wote, hata ule wa kitanda. Mkubwa wangu alivuta lenzi, akahesabu miiba ya tumbo. Wa fungu kubwa walikuwa na mitano au sita. Wa fungu dogo walikuwa na saba, isipokuwa mmoja, ambaye kidole cha jirani kilimkosea. Wale watatu wenye vichwa akawahesabu vichanuo mara nne, na mara zote hesabu ikasimama.

"Watatu si wengi," alisema mwishowe. "Lakini wapo."

Hakunifukuza. Alinipa adhabu ya kunakili maelezo ya samaki yule mpya kwa mkono wangu ule mzuri, pamoja na mstari unaosema kwamba vielelezo vinane havina vichwa. Haukueleza kwa nini. Nadhani wasomi wa mbali walilaumu nyavu. Nilimwomba amshukuru jirani. Akaandika kwa Kiingereza "mchambuzi mwenye uzoefu", naye jirani alipotafsiriwa akauliza kama uzoefu unaliwa na ugali.

Mchoro niliuchora mimi, kutoka kwa yule mzima kuliko wote, na kabla haujapelekwa kuchapishwa nilimwonyesha mama. Aliutazama, akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha dagaa, akakifunika chote.

"Ee," akasema. "Ndiye huyu."