Gari la Magurudumu ya Mfenesi

Juzi nilikwenda Mlandege na binti yangu kumnunulia baiskeli, maana kafaulu mtihani, na ahadi ni deni. Baiskeli hatukuinunua. Mlangoni mwa duka la vitu vya kontena tulikuta vigari viwili vya mashindano, vile vya mtu mmoja vinavyokaa chini mpaka dereva anakaribia kuburura makalio. Vyote vilishatumika huko Ulaya. Kimoja cha zamani, mabomba ya chuma matupu na usukani uliochunika. Kingine cha kisasa, plastiki nyekundu inang'ara. Binti akanishika mkono: “Mama, tuchukue kipi?”

Usinicheke, mawazo yakanirudisha mbali. Swali hilo nshawahi kuulizwa, huko Kidichi kwa bibi yetu, likizo ya Ramadhani, nikiwa na umri kama wake.

Kidichi ya wakati ule, ukiamka tu, pua inakutana na karafuu zilizoanikwa majamvini. Kazi yetu watoto ilikuwa kuzichambua vikonyo mpaka vidole vikawaka moto, kisha kukuna nazi ya futari. Nyuma ya nyumba ikishuka njia ya udongo mwekundu, na kila Idi Pili watoto wa pale wakishindana hapo kwa magari ya mbao. Sisi tulikuwa nayo mawili. La zamani alilitengeneza mjomba, magurudumu kayachonga kwenye gogo la mfenesi, mapana, na gari lenyewe zito kama kinu. Jipya magurudumu yake yalikuwa beringi za chuma za gereji, alizotuletea baba kutoka mjini. Likipita sakafuni linalia kriiii, na wote mnageuka. Kaka yangu akalikumbatia hilo jipya, kisha akaniuliza, “Haya, wewe unachagua lipi?” Nichague, na lililobaki ni moja!

Wala sikununa. Mimi nshaona beringi zinavyozama kwenye udongo ulioloa, na vuli ilikuwa imeanza. Nikalipaka la mjomba mafuta ya nazi niliyoyachota jikoni, na kila nikimaliza karafuu zangu nalikokota mteremkoni. Nikajua wapi pa kuliachia, na wapi pa kuvuta kamba ya kushoto ili nikwepe mzizi uliotokeza katikati ya njia. Bibi akinitazama akicheka, “Huyu mtoto kazaliwa na tairi.” Ee, raha niliyokuwa nayo!

Idi Pili mvua ilipiga asubuhi, ikakatika. Nikapanda gari langu juu ya mteremko, gauni jipya nimelikunja, kamba mkononi. Bibi akaniita. “Labeka,” nikaitikia. Alfajiri ile nilikuwa nimevunja ungo, na yeye ndiye pekee niliyemwambia. Nilidhani ni jambo la kufua nguo tu, likaisha. Akaja mpaka pale nilipokaa, akanifunika kichwa kwa kanga yake.

“Teremka, mwanangu. Ushakuwa mkubwa.”

Lau angenikemea ningelia, ningebishana naye. Aliyasema kwa upole, nikateremka.

Nikawekwa jikoni kuupalia makaa mkate wa sinia. Sikuona kitu, nilisikia tu. Beringi za kaka zikalia, zikakoroma, zikanyamaza. Zimezama, si nilijua! Halafu likashuka gwaa-gwaa la mfenesi. Mtoto wa jirani kapewa gari langu. Nilitamani nimpigie kelele avute kamba kushoto, na kwa mlio tu nikajua kaivuta, firauni yule, kama niliyemfundisha. Akashinda. Walimleta juu juu, wakaukalia mkate wangu mpaka ukaisha, na aliyewakatia ni mimi.

Bibi keshatangulia mbele ya haki. Gari la mfenesi liliishia mekoni, likawa kuni. Mteremko umetiwa lami, kuta za majumba huku na huku, na sijaona mtoto anayeshuka pale kwa kitu chochote. Karafuu siku hizi nazinusa kwenye vipakti wanavyouziwa wageni. Nilidhani na yale maneno bibi kaondoka nayo.

“Cha zamani,” nikamwambia binti. “Plastiki ile ikigonga ukuta ndiyo basi. Chuma unakichomelea, maisha yanaendelea.”

Akapanda palepale, mikono usukanini, miguu kainyoosha, uso wote kicheko. Gauni likampanda magotini. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa barazani wakageuka kutazama. Muuzaji akaniuliza kwa adabu zake zote, “Bibie, huyo mtoto wa kiume unayemnunulia mbona hukuja naye akajaribu mwenyewe?”

Nilitaka kumjibu. Wallahi jibu nilikuwa nalo, nimelibeba miaka yote tangu Kidichi. Kinywa kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya upole kabisa.

“Teremka, mwanangu. Ushakuwa mkubwa.”

Binti akanitazama. Kisha akateremka, akalivuta gauni lake likamfunika magoti.